Kisigino Kinachokaza Asubuhi: Kwa Wazazi na Makocha wa Galu

Maji yakipwa jioni, ufuo wa Galu hugeuka uwanja. Vijana hucheza pekupeku mpaka giza liingie, na wengine wameshafanya mazoezi ya shule siku hiyo hiyo. Mpira wenyewe hauna ubaya. Kinachoumiza ni mzigo unaoongezeka ghafla, hasa shule zikifungwa na mechi zikifuatana.

Kano ya kisigino ni ile kamba nene inayounganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Ndiyo kano yenye nguvu kuliko zote mwilini, lakini damu haiifikii kwa wingi, kwa hiyo hupona polepole. Kwenye mchanga mkavu kisigino huzama na kano huvutwa zaidi kila hatua. Mchanga mgumu karibu na maji una nafuu, ingawa pwani yenye mteremko huelemea mguu mmoja.

Dalili ya kwanza hudanganya. Mguu hukaza kijana akishuka kitandani, huuma mchezo ukianza, kisha hulegea mwili ukipata moto. Basi yeye huona amepona, na kocha naye humpanga. Baada ya wiki kadhaa maumivu hayaondoki tena na kano huvimba.

Kwa mtoto wa miaka 8 hadi 14, mara nyingi kinachouma si kano bali sehemu ya mfupa wa kisigino ambayo bado inakua. Hali hiyo huisha akikomaa. Apunguziwe tu mbio na kuruka.

Kijana mkubwa asilazwe kitandani wiki tatu, maana kano hudhoofika. Apunguze mechi, aiimarishe. Maumivu yakiwa juu kidogo ya kisigino, husimama kwa vidole kwenye ukingo wa ngazi, akashusha kisigino polepole: mara 15, seti 3, kwa wiki 12 hivi. Mtaalamu wa tiba ya viungo amwonyeshe kwanza. Kukandwa kwa nguvu panapouma hatukushauri, wala sindano ya steroidi ndani ya kano, kwani inaweza kuidhoofisha ikakatika.

Kano ikikatika, mchezaji huhisi kama amepigwa teke nyuma ya mguu, na hawezi kusimama kwa vidole vya mguu huo. Ilimpata David Beckham Machi 2010, akakosa Kombe la Dunia Afrika Kusini. Hapo msingoje kesho. Mpelekeni Hospitali ya Rufaa ya Msambweni siku hiyo hiyo.