Urefu wa Mchana na Mbaazi Zako

Mkulima wa Lindi, Masasi na Newala, bila shaka umeliona jambo hili shambani: mbaazi zilizopandwa Desemba na zile zilizochelewa hata Februari hutoa maua karibu wakati mmoja, nazo zilizochelewa ni fupi, zina matawi haba na maganda machache. Wengine husema udongo umechoka. Lakini udongo ni ule ule. Uliobadilika ni urefu wa mchana.

Dunia hulizunguka jua hali imeinama. Kwa hiyo mwezi wa Desemba upande wetu wa kusini huelekea jua, na mwezi wa Juni huelekea upande wa kaskazini. Simika mti ulionyooka uwanjani, ukitazame kivuli chake adhuhuri: Desemba huanguka kaskazini, na Juni huanguka kusini, nacho ni kirefu zaidi. Huko Lindi mchana wa tarehe 22 Desemba ni kama saa 12 na dakika 42. Tangu hapo hupungua kidogo kidogo hata tarehe 21 Juni, ukabaki kama saa 11 na dakika 32. Mtu wa Kisumu, aliye karibu na ikweta, haoni tofauti yo yote.

Mbaazi huiona. Mbegu za asili, zikaazo muda mrefu shambani, huupima usiku: ukiwa mfupi hukua na kutoa matawi, ukirefuka huanza kutoa maua, wala haziulizi zilipandwa lini. Mwaka 1920 Garner na Allard, wataalamu wa Marekani, walitangaza habari ya namna hii: soya aina ya Biloxi, ijapokuwa ilipandwa kwa tarehe mbalimbali, ilitoa maua karibu pamoja.

Basi mbaazi ya Desemba hupata miezi kama mitano ya kujenga mwili. Ya Februari hupata mitatu tu. Tena mvua zikikoma, mizizi yake haijafika chini penye unyevu.

Yakupasa kuzipanda pamoja na mahindi, mara mvua za kwanza zikishalowesha udongo. Ukichelewa kwa ugonjwa au kwa kukosa mbegu, punguza nafasi kati ya mashimo, kwa kuwa mimea itakuwa midogo. Ziko pia mbegu za muda mfupi, zisizojali sana urefu wa usiku. Ila hizo hutoa maua mvua ingaliko, nao wadudu ni wengi wakati huo, kwa hiyo zataka kuangaliwa kila siku.