Je, Wajua? Shaba ya Kilembe na Mashindano ya Chipu

Je, wajua kwamba simu uliyoshika hapo sokoni Bwera ina nyaya za shaba ambazo jicho haliwezi kuziona? Zimo ndani ya chipu, zimepangwa ghorofa juu ya ghorofa, na zilizo nyembamba kabisa huingia maelfu katika upana wa unywele mmoja. Zamani zilikuwa za alumini. Mwaka 1997 kampuni ya IBM ilitangaza kwamba imepata njia ya kutumia shaba, inayopitisha umeme kwa wepesi zaidi, na viwanda vingine vikaifuata.

Wajua kwamba shaba hiyohiyo ni sumu kwa silikoni? Chembe zake zikipenya, chipu imekufa. Ndiyo maana waya huvishwa kwanza ganda jembamba la tantalamu. Tantalamu hutoka kwenye koltani, na ukivuka mpaka wetu wa Uganda na Kongo pale Mpondwe umeshaingia Kivu Kaskazini, mkoa wenye machimbo ya Rubaya, ambayo peke yake hukadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantalamu ya dunia. Ganda na waya, vyote viwili viko kwenye milima ya jirani zetu na yetu.

Na mgodi wetu wa Kilembe, hapa Kasese, je? Shaba ya huko imejulikana kwa wageni tangu msafara wa Mwitaliano Duke wa Abruzzi uliopanda Rwenzori mwaka 1906. Reli ilifika Kasese mwaka 1956, na mwaka huohuo mgodi ukaanza kuzalisha. Mawe yalisagwa hapa, makinikia yakapakiwa kwenye mabehewa hadi Jinja, yakayeyushwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls, kisha shaba ikashuka Mombasa. Hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 1982, zilikuwa zimetoka takriban tani 270,000.

Mwaka uliofuata, 1983, Samsung ya Korea Kusini iliamua kwa dhati kutengeneza chipu za kumbukumbu. Miaka kumi ilitosha kuifanya iongoze dunia katika biashara hiyo.

Na je, wajua kilichobaki Kasese? Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu kisa hiki wengi wetu tulipita kando yake tukienda mjini bila kukijua. Wachimbaji walitaka shaba tu. Mabaki yenye chuma, salfa na kobalti yakarundikwa karibu na mji, takriban tani milioni moja. Kila mvua iliponyesha, maji yenye tindikali yalichuruzika kuelekea Ziwa George, yakapita ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth na kuacha ukanda wa udongo mtupu usioota hata nyasi. Kisha ikaja kampuni ya Kasese Cobalt, ikafanya jambo ambalo dunia ilikuwa haijalizoea: ikaajiri bakteria. Walikuwa vijidudu wasioonekana wanaoishi kwa kula chuma na salfa. Waliwekwa kwenye matangi makubwa, wakapulizwa hewa, wakawekwa kwenye joto linalowafaa, nao wakayavunja mawe na kuiachia kobalti ndani ya maji. Baada ya kusafishwa kwa chokaa na umeme, ilitoka kobalti kamili, tayari kwa soko la dunia. Kazi ilianza mwaka 1999 na kuendelea hadi rundo likaisha, mwanzoni mwa muongo wa 2010. Bei ya kobalti ilipoanguka, kiwanda kilisimama kwa muda, kisha kikarudi. Kilikuwa miongoni mwa viwanda vya kwanza duniani kutoa kobalti kwa bakteria kwa kiwango cha biashara, na kilikuwa hapa kwetu, kikiendeshwa na mikono ya watu wa hapa.

Kobalti inahusiana vipi na chipu? Kampuni ya Intel iliiweka badala ya shaba kwenye nyaya za chini kabisa za chipu zake za kizazi cha nanomita 10, kwa kuwa shaba inapokuwa nyembamba mno huanza kuelemewa.

Wajua kwamba mwaka 1990 Marekani ilitengeneza asilimia 37 ya chipu za dunia, na kufikia 2020 ikashuka hadi 12? Ndiyo sababu mwaka 2022 ilipitisha sheria yenye dola bilioni 52 na ushei za kujenga upya viwanda vyake. Taiwani iliwahi mapema: kampuni yake ya chipu, TSMC, ilipoanzishwa mwaka 1987, serikali ilitoa karibu nusu ya mtaji, ikavumilia hadi ufundi ukakomaa. Uholanzi haichimbi shaba wala koltani, lakini kampuni yake ya ASML ndiyo pekee duniani inayouza mashine za kuchora chipu za kisasa kabisa kwa mwanga wa urujuanimno.

Kiwanda cha chipu hunywa maji safi kupita kiasi na hakivumilii umeme kukatika hata kwa sekunde. TSMC hutumia zaidi ya asilimia 6 ya umeme wote wa Taiwani. Uganda ilizindua bwawa la umeme la Karuma, megawati 600, mwaka 2024. Mito ya Mubuku na Nyamwamba hushuka kutoka kwenye milima ya Rwenzori. Maji na umeme vipo. Usambazaji usiokatika ndio unaotakiwa.

Afrika Mashariki imeshaanza kazi ya chipu? Ndiyo, huko Nyeri, Kenya. Ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kuna kiwanda cha Semiconductor Technologies, na wengi wa wafanyakazi wake ni wanawake vijana. Mei 2024, Rais Ruto alipozuru Washington, Marekani ilitangaza nia ya kuifanya Kenya nchi ya kwanza ya Afrika kufaidika na fedha za ile sheria ya chipu.

Kilembe nayo ilikodishwa kwa kampuni ya Kichina, Tibet Hima, mwaka 2013. Serikali ikavunja mkataba mwaka 2017. Sheria mpya ya madini ya mwaka 2022 inahimiza madini yasafishwe nchini kabla ya kuuzwa. Kwa shaba tulifanya hivyo Jinja tangu miaka ya 1950, na kwa kobalti tulifanya hapahapa Kasese, kwa matangi ya bakteria.