Bwawa Halizibwi kwa Viroba

"Nimwage viroba vingapi?" Kila kiangazi kikianza, swali hili hunifikia kutoka kwa watu waliochimba bwawa la samaki nyuma ya nyumba na sasa wanaona maji yakishuka siku hadi siku. Viroba wanavyovitaja ni vya udongo wa mfinyanzi, na wengi husisitiza uwe wa kichuguu. Wanachotaka ni kusimama ukingoni, bwawa likiwa na maji yake na samaki wake, waumwage. Wameambiwa udongo huo utazama, utafuata maji yanakotorokea, utaziba wenyewe.

Usimwage hata kimoja.

Fanya kwanza hesabu ambayo muuzaji wa viroba hakufanyii. Chukua bwawa dogo, mita 10 kwa 5. Kiroba cha kilo 50 cha udongo mkavu kina ujazo wa lita 40 hivi, kwa hiyo viroba 10 ni lita 400. Ukizitandaza sawasawa juu ya sakafu ya mita 50 za mraba utapata tabaka la milimita 8, nalo ni legelege. Tabaka la mfinyanzi linaloweza kuzuia maji ya bwawa la kawaida lisipungue sentimita 30, tena zipimwe baada ya kushindiliwa. Kwa bwawa hilohilo hizo ni mita za ujazo 15 za sakafu peke yake, kuta bado hujazigusa. Hiyo ni kazi ya tipa.

Hata hivyo uchache wa udongo ni kosa dogo. Ungeleta tipa zote hizo ukazipindua majini, bwawa lingeendelea kuvuja. Mfinyanzi hauzuii maji kwa sababu tu ni mfinyanzi. Chembe zake ni ndogo kuliko sehemu mbili kati ya elfu za milimita, yaani milimita 0.002, na umbo lake ni bapa. Zikiwa na unyevu wa kutosha, zikakandamizwa mpaka zikalala bapa juu ya bapa, nafasi kati yake huwa finyu kiasi kwamba maji hupenya kwa shida kubwa. Zikiachwa zidondoke zenyewe ndani ya maji, hushikana ovyo, huku moja imesimama na nyingine imelala, na kufanya mafungu mepesi yenye uwazi tele ndani yake. Maji magumu ya kisima huzidisha jambo hilo. Mabonge ambayo hayakuvunjika nayo hulala chini yakiacha mianya kati yao, na maji huendelea kupita humo.

Na ile imani kwamba udongo "utafuata" tundu haina msingi. Pale bwawa linapovuja kwa kunyonywa polepole na sakafu nzima, mwendo wa maji ni hafifu mno kuweza kuburuta chochote. Pale penye tundu la kweli, la panya au la mzizi uliooza, mwendo ni mkali, na udongo wako hupita moja kwa moja ukatokea upande wa pili wa tuta ukiwa tope. Mara nyingi tundu lenyewe liko ukutani, ilhali ulichomwaga kimetuama sakafuni. Wakati huo maji ya bwawa yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, mwanga haupenyi, ule ukijani ambao perege wanaula haukui, na mashavu ya samaki yamejaa vumbi la udongo. Umelipia viroba ili uwadhuru samaki wako mwenyewe.

Kichuguu kina sifa yake ya haki, na nisingependa kikatukanwa kwa makosa ya watu. Mchwa hupandisha chembe laini kutoka chini ardhini, ndiyo maana udongo huo hutumika kufyatulia matofali mazuri na kusiriba sakafu za nyumba. Uzushi ni ule wa kusema mate ya mchwa ni gundi inayoziba bwawa. Mate hayo hushikanisha udongo kuwa vipunje vigumu, na ugumu huo ndio usioutaka, kwa kuwa kipunje kisichovunjika hakiwezi kulala bapa. Uponde, uuloweshe, uushindilie, na kichuguu kilichohamwa kitakupa mfinyanzi wa maana. Chenye mchwa hai kiache kilipo. Huna sababu ya kuwaleta wachimba mahandaki kwenye tuta lako.

Kuna pia wanaoniuliza mbona bwawa linavuja wakati udongo wao wenyewe ni mfinyanzi mtupu, mwekundu, unaonata kwenye viatu. Hao wanatoka nyanda za juu: miteremko ya Kilimanjaro, Kenya ya kati, kwenye mashamba ya kahawa. Mfinyanzi humo kweli ni mwingi, lakini madini ya chuma, hayohayo yanayoupa wekundu, huufunga kuwa chembechembe imara zinazokaa kama mchanga. Mvua ikinyesha maji hushuka haraka, na kahawa huupenda udongo huo kwa sababu mizizi yake haipendi kusimama majini. Ukichimba bwawa humo bila kuzivunja chembechembe hizo, umechimba shimo katika udongo ambao kazi yake ni kupitisha maji.

Kinachoziba ni kuvurugwa na kushindiliwa. Mkulima wa mpunga Usukumani au Mwea analijua hili bila mtaalamu: huvuruga jaruba likiwa na maji, kwa jembe, ng'ombe au trekta, na jaruba hubaki na maji yake. Mhandisi James Brindley alifanya vivyo hivyo Uingereza alipojenga mfereji wa Bridgewater, uliofunguliwa mwaka 1761. Alitandika mfinyanzi uliolowekwa na kukandwa, si uliomwagwa.

Sasa kazi yenyewe. Hakikisha kwanza kwamba bwawa linavuja. Weka ndoo yenye maji ndani ya bwawa, ikae juu ya tofali, mdomo ukiwa juu ya maji. Tia alama usawa wa maji ndani ya ndoo na nje yake, kisha rudi baada ya saa 24, siku isiyo na mvua. Jua na upepo vimeshusha maji ya ndoo, pengine milimita 5 au zaidi kiangazi. Kilichozidi hapo upande wa bwawa ndicho kinachovuja. Kikiwa chini ya sentimita 1 kwa siku, liache bwawa lako. Matope na mabaki ya chakula yatapunguza hata hicho.

Kikizidi, acha kuongeza maji na uangalie yanasimama wapi. Yakikoma kushuka kwenye usawa fulani, tundu liko kwenye usawa huo. Kagua kandokando ya bomba la kutolea maji, mizizi, mashimo ya fuko na kaa. Usizibe mdomo wa tundu tu. Lifukue lote, urudishie udongo wenye unyevu tabaka kwa tabaka, ukishindilia.

Yakiendelea kushuka mpaka chini, hamisha samaki, kausha, ondoa tope jeusi, mawe na mizizi. Jaribu udongo wa hapo: ukiwa na unyevu, unaviringika kuwa kamba nyembamba bila kukatika? Kama ndiyo, huhitaji kununua udongo. Tifua sentimita 15 hadi 20, nyunyiza maji mpaka ukandike, vuruga, shindilia kwa gogo zito au uzungushe ng'ombe humo siku kadhaa. Kama hapana, leta mfinyanzi na ushindilie tabaka za sentimita 15 mpaka zifike 30. Kuta zilale, mita 2 kwenda pembeni kwa kila mita 1 ya kimo, la sivyo udongo utaporomoka. Udongo mweusi wa mbugani huzuia maji vizuri, lakini ukikauka hupasuka nyufa za kuingia mkono, kwa hiyo jaza bwawa mara moja na usiliache likauke.

Bentonaiti inafaa ikiwa ni ya sodiamu, kilo 5 hadi 15 kwa mita ya mraba, ikichanganywa na udongo mkavu na kushindiliwa kabla ya maji. Magadi nayo husaidia udongo wenye mfinyanzi tayari, nusu kilo hadi kilo 1 kwa mita ya mraba, yakichanganywa ndani ya udongo na bwawa kusuuzwa kabla ya kurudisha samaki. Yakimwagwa majini yatawaua. Samadi mbichi nyingi, ukiimwaga majini ili izibe, pia itawaua, kwa kumaliza hewa.

Na wewe uliyechimba kwenye mchanga mtupu wa pwani, ambako mfinyanzi utasafirishwa kwa lori kutoka mbali, nunua turubai zito la bwawa, laza mchanga laini chini yake, fukia kingo zake jua lisizichome, na uachane na habari za udongo.