ALTENETA NA PAMPU YA VAKYUMU: UMEME NA BREKI KATIKA KIFAA KIMOJA



Chama cha msingi chenye gari lake la dizeli, hata likiwa kuukuu, kina mkono wa kulia wa kazi. Gari hilo hupeleka mbolea vijijini kabla ya mvua za Desemba, na mavuno yakiisha hurudi na tumbaku ya Namtumbo au kahawa ya Mbinga. Njia zetu zina milima. Ateremkaye Lukumburu, au ashukaye kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, hutegemea breki zake kuliko kitu kingine chochote. Kwa sababu hiyo yafaa kila kamati na kila dereva waelewe jambo moja: katika magari mengi ya dizeli ya zamani, alteneta inayochaji betri imeungana na pampu inayosaidia breki. Atakayeibadili kwa kufikiria umeme peke yake atakuwa amegusa breki bila kujua.

Kwa nini pampu hiyo ipo? Injini ya petroli ina kilango kinachozuia hewa kuingia. Dereva apunguzapo mafuta, kilango hujifunga na injini huvuta hewa kwa nguvu. Mvuto huo ndio unaoendesha busta ya breki, yaani kile chombo cha duara kinacholifanya pedeli liwe jepesi. Injini ya dizeli ya kawaida haina kilango cha namna hiyo. Nguvu yake huongezwa au kupunguzwa kwa kiasi cha mafuta tu, hivyo mvuto wa kutosha haupatikani. Watengenezaji wakalazimika kuweka pampu ya pekee ya kunyonya hewa, nayo ndiyo iitwayo pampu ya vakyumu.

Katika Toyota Hilux nyingi zenye injini ya 2L, na katika Isuzu zenye injini ya 4JB1, pampu hii imefungwa nyuma ya alteneta na huzungushwa na ekseli ile ile. Land Rover zenye injini ya 300Tdi ni tofauti: pampu imekaa peke yake ubavuni mwa injini. Tazama nyuma ya alteneta yako. Ukiona mpira mnene wa hewa uendao kwenye busta, pamoja na mabomba ya oili, basi vifaa hivyo viwili ni kimoja.

Ndani ya pampu mna mapanga madogo yanayozunguka na kulainishwa kwa oili ya injini. Oili huingia kwa bomba jembamba na kurudi chini ya injini kwa mpira mpana zaidi. Mpira wa kurudishia ukiziba au ukikunjwa, oili hujaa ndani ya pampu na yaweza kufika kwenye busta. Sili iliyo kati ya pampu na alteneta ikichakaa, oili huingia kwenye kaboni na chaji hupotea. Anayebadili kaboni na kuiacha sili mbovu atarudi gereji baada ya muda mfupi, na fedha za chama zitakuwa zimetumika bure.

Dalili za ubovu ni hizi: taa ya chaji kuwaka injini ikiwa inafanya kazi, pedeli la breki kuwa gumu, oili kuonekana juu ya alteneta, au oili ya injini kupungua bila sababu. Taa ya chaji ikiwaka na pedeli likawa gumu kwa pamoja, yamkini mkanda umekatika. Dereva asizime injini mteremkoni, wala asikanyage breki mara nyingi, kwa kuwa kila mkanyago hula akiba ya mvuto iliyobaki. Na aingize gia ndogo, akanyage mara moja kwa nguvu na kushikilia mpaka gari lisimame.

Kabla ya kununua kifaa kingine, fundi alinganishe cha zamani na kipya juu ya meza: volti 12 au 24, ukubwa wa puli, matundu ya bolti, na mahali pa mabomba yote. Alteneta isiyo na pampu isikubaliwe hata ikiwa ya bei nafuu.

Katika kufunga, kwanza fungua waya wa hasi wa betri. Pili, legeza mkanda, weka alama kwenye nyaya na mipira, kisha toa kifaa. Tatu, weka washa mpya za shaba kwenye bomba la oili, na badili mpira wowote uliopasuka au kulainika. Nne, kabla ya kuunganisha bomba, mimina oili safi kidogo katika tundu la kuingizia na uzungushe puli kwa mkono, kwa maana pampu ikianza kazi kavu hujila yenyewe. Mwisho kaza mkanda. Ukiusukuma kwa kidole gumba katikati, ubonyee kama milimita 10.

Kipimo cha umeme kionyeshe takriban volti 14 injini ikinguruma, kwa gari la volti 12. Kwa breki, injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedeli mara kadhaa mpaka liwe gumu, ulishikilie, kisha washa injini. Pedeli likishuka kidogo chini ya mguu, busta inapata mvuto. Lisiposhuka, gari lisitoke gereji. Baada ya safari fupi kagua tena kama kuna oili inayovuja, na upime kiasi cha oili ya injini.

Kamati nazo zina wajibu wao. Kifaa kilichotolewa kirudishwe stoo, stakabadhi ihifadhiwe, na tarehe pamoja na kilomita ziandikwe katika daftari la gari. Mkanda wa akiba uwe ndani ya gari daima. Usipoziba ufa utajenga ukuta: bei ya mkanda ni ndogo, lakini gari lililoshindwa kusimama mteremkoni hulipiwa kwa mali ya wanachama wote, na pengine kwa uhai wa wenzetu.