Ganda la Risasi: Chemba Mbovu Huliharibu, Lakini Pia Hutoa Ushahidi

Lwakhakha ni mji mdogo wa mpakani, kaunti ya Bungoma, chini ya Mlima Elgon. Ukivuka mto umeshaingia Uganda. Kati ya 2006 na 2008, vijiji vya mlima huo viliteswa na kundi la SLDF katika ugomvi wa mashamba ya Chepyuk, hadi jeshi likaingia Machi 2008 kwa operesheni iliyoitwa Okoa Maisha. Sisi wa Pwani hatuko mbali na habari hizo. Lamu imeona bunduki, na Mombasa pia.

Popote panapopigwa risasi, chini hubaki maganda. Mtoto huliokota kuchezea, muuza vyuma huliona shaba, na wapo wanaodhani kwamba likijazwa baruti upya, mambo yameisha. Ndugu msomaji, tueleze kwa nini sivyo.

Ganda hubeba fataki, baruti na kichwa cha risasi. Hukaa ndani ya chemba, yaani kile chumba kilicho mwanzo wa mtutu. Baruti inapowaka, ganda hutanuka, likazibana kuta za chemba ili moto usirudi usoni mwa mpigaji. Kisha hunywea kidogo, likatoka. Ndiyo maana hutengenezwa kwa shaba ya manjano, mchanganyiko wa karibu 70% shaba nyekundu na 30% zinki, ambayo hukubali kutanuka na kunywea.

Sasa chemba ikiwa na kasoro, ganda ndilo linaloumia.

Kasoro ya kwanza ni upana. Chemba ikilika au ikichongwa pana, ganda hufura kupita kipimo. Anayelijaza upya lazima alibane lirudi saizi yake. Likifura na kubanwa mara kwa mara, shaba hukakamaa na kupasuka, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa. Bunduki za .303 za Waingereza, zilizoenea sana Afrika Mashariki, zilichongwa chemba pana wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 ili zisikwame kwa matope. Vitani zilifaa, lakini maganda yake hayadumu kwa kujazwa tena na tena.

Ya pili ni nafasi ya ziada kati ya bolti na chemba. Ganda huvutika kwa urefu, likawa jembamba karibu na kitako chake. Kwa nje utaona mstari unaong'aa ukilizunguka. Likipigwa tena, linaweza kukatika hapo hapo: kitako kikatoka, nusu ya mbele ikabaki imekwama, na moto ukarudi nyuma. Mtu anaweza kupoteza jicho.

Ya tatu ni kutu, na hii sisi wa bahari tunaijua. Hewa ya chumvi hula chuma. Chemba yenye vishimo hulishika ganda lisitoke, na ndoano ya kulitolea huchana ukingo wake.

Kama mtu anadhani ufundi wa uchochoroni utashinda haya, akumbuke ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Tarehe 14 Aprili 1915, meli ya Wajerumani Rubens, iliyojificha kwa jina la Kidenmaki Kronborg, ilikimbizwa na manowari HMS Hyacinth hadi ikaishia humo. Shehena ya risasi ililowa maji ya bahari. Wajerumani walizitoa, wakazifungua, wakaanika baruti na kubadilisha baadhi ya fataki. Hata hivyo, nyingi ziligoma kulipuka vitani. Hapo ubovu uliletwa na maji, wala si chemba, lakini somo ni moja: jeshi zima lenye mafundi wake halikuweza kuziamini risasi zilizofanywa upya kwa dharura. Je, kijana wa kichochoroni?

Tena, Kalashnikov, bunduki inayojulikana zaidi mipakani mwetu, mara nyingi hutumia maganda ya chuma kilichopakwa rangi, ambayo hayakukusudiwa kujazwa upya. Na sheria ya silaha ya Kenya haimruhusu mtu kuwa na risasi bila cheti.

Lakini kuna upande wa pili, na huu ndio mkubwa. Zile zile kasoro za chemba huacha alama kwenye ganda: mikwaruzo ubavuni, dalili ya pini juu ya fataki, na jino la ndoano ukingoni. Mtaalamu huziweka chini ya hadubini, akazilinganisha na ganda lililopigwa kwa bunduki inayoshukiwa. Kwa njia hiyo, mauaji yaliyotokea usiku bila shahidi yanaweza kupata shahidi. Hata mpigaji akiwa ni polisi, sheria ya 2011 inataka kifo au majeraha mabaya yaripotiwe kwa IPOA.

Ganda likiokotwa, likasuguliwa au kuuzwa kwa kilo, shahidi huyo amenyamazishwa, na mama aliyefiwa amepoteza haki yake.

Kwa hiyo ukiona ganda, usiliguse. Waondoe watoto, weka alama mahali lilipo, piga picha, andika saa, kisha ita wahusika mbele ya watu zaidi ya mmoja. Na kama lina risasi nzima, kaa mbali nalo kabisa.