Subiri Chai Ipoe: Linda Umio Wako

Baridi ya milima ya Kilungu huwafanya wakazi wengi wa Nunguni kupenda chai moto. Chai yenyewe haina neno. Hatari ni kuinywa ikiwa bado inaunguza.

Umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ukiungua hupona wenyewe: seli mpya huzaliwa na kufunika jeraha. Ukiunguzwa kila siku, seli huzaana mfululizo, kasoro huweza kuingia na saratani kuanza. Mwaka wa 2016, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kuwa vinywaji vinavyozidi nyuzijoto 65 huenda vikasababisha saratani hiyo. Tumbaku na pombe huongeza hatari.

Ukihisi chakula kinakwama unapomeza, au ukikonda bila sababu, usingoje. Nenda hospitalini mapema. Saratani ikigunduliwa mapema hutibika kwa urahisi zaidi.