Maua ya Kahawa Si Mavuno Bado

Ukame unapokaribia kwisha, katika miezi ya Februari na Machi, mibuni ya Kiambu, Murang'a, Nyeri, Embu na Meru huonekana kama imelala. Penye kila pingili ya tawi pamekaa vitumba vidogo vya maua, navyo vimefunga. Havikufa, vyangoja mvua.

Mvua nzito ya kwanza ikinyesha juu ya mti uliokwisha kuonja kiu, vitumba huamka. Siku zipatazo 8 hadi 12 baadaye shamba zima hugeuka jeupe, na harufu yake, inayofanana na ya asumini, hufika hata barabarani. Baada ya siku 2 au 3 maua hunyauka.

Kwa miaka mingi ya ukoloni Waafrika walio wengi walizuiwa kupanda zao hili. Katika miaka ya 1930 wachache waliruhusiwa huko Kisii, Embu na Meru, na baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 mibuni ilienea katika mashamba madogo. Si ajabu, basi, kwamba mwenye nusu ekari auonapo weupe huo huanza kuhesabu karo ya shule na deni la dukani. Asifanye haraka. Tangu ua kuchanua mpaka tunda kuiva ni miezi 7 hadi 9, na hatari njiani ni nyingi.

Kwanza, maua yakiwa wazi haifai kunyunyiza dawa ya wadudu. Kahawa ya Arabika hujichavusha yenyewe, lakini nyuki huisaidia kushika matunda zaidi.

Pili, matunda machanga yanapokuwa katika mvua na baridi hushambuliwa na ukungu uyaozeshao, ugonjwa uliotambuliwa nchini Kenya mwaka 1922. Dawa yake hufaa ikitangulia, wala haifai kitu matunda yakiisha kuwa meusi. Aliyepanda Ruiru 11, aina iliyotolewa mwaka 1985, ana nafuu, kwa kuwa huustahimili ugonjwa huo.

Tatu, wingi wenyewe waweza kuwa adui. Mti usiopogolewa huzaa matunda kuliko majani yake yawezavyo kuyalisha. Ncha za matawi hukauka, na mwaka unaofuata maua huwa haba, kwa sababu hutoka katika matawi yaliyokua msimu uliotangulia. Kwa hiyo mkulima mwenye busara hupogoa baada ya mavuno, huondoa machipukizi ya ziada, na hutandaza nyasi kavu chini ya miti ili udongo uhifadhi unyevu.

Furaha ya siku ya maua ni halali, na mwenye shamba apite kati ya mistari aifurahie. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kikapu cha Novemba hujazwa na kazi iliyofanywa kabla ya mvua ya Machi, pamoja na ile ifanywayo baada ya maua kuanguka.